Vitone Vingi au Fremu Nyingi?

Katika toleo hili napenda kuwaletea somo dogo juu ya jambo ambalo vijana wengi hulibishania, lakini ni wachache wanaokaa chini wakalipigia hesabu. Jambo lenyewe ni hili: mtu anayetaka kurekodi video ya mchezo na kuiweka kwenye intaneti, naye hana uwezo wa kupata kila kitu, je, achague picha yenye vitone vingi, au achague picha nyingi zenye kufuatana upesi katika kila sekunde? Wako wasemao kwamba picha safi ndiyo video. Wako wengine wasemao kwamba mwendo laini ndio video. Mimi naona kwamba pande zote mbili zimetoa jibu kabla ya kusikia swali, nami nitajaribu kuonyesha sababu.

Somo hili si la wapenzi wa gemu peke yao. Mwalimu wa michezo akirekodi mbio za wanafunzi, au mzee akitaka mchezo wake wa bao uonekane na ndugu zake walio mbali, hukutana na uamuzi huu huu. Tena mna fedha ndani yake, kwa maana bando hununuliwa, na hapa kwetu Kinyangiri kila mzazi ajua kwamba fedha ya bando hutoka mfuko ule ule utoao fedha ya unga na ya sabuni.

MAANA YA MANENO

Yafaa kwanza tuelewane juu ya maneno. Kioo cha simu au cha televisheni ni kama kazi ya ushanga. Mtu akishona ua kwa shanga kubwa, ua lile litaonekana lina pembe pembe. Akilishona kwa shanga ndogo ndogo, litaonekana limezunguka vizuri. Shanga za kioo ni vitone vya mwanga, ambavyo mafundi huviita pikseli. Video iitwayo 360 ina vitone 640 kwa upana na 360 kwa kwenda chini, yaani vitone 230,400. Video ya 720 ina vitone 1,280 kwa 720, yaani 921,600. Video ya 1080 ina vitone 1,920 kwa 1,080, yaani 2,073,600. Msomaji akigawanya atakuta kwamba picha moja ya 1080 ina vitone mara 9 kuliko picha ya 360, na mara mbili na robo kuliko picha ya 720.

Fremu nayo ni picha moja iliyosimama. Video haina kitu kinachokwenda hata kidogo. Ni picha zilizosimama zikifuatana upesi, na jicho letu huziunga zikawa mwendo. Sinema za zamani zisizo na sauti mara nyingi zilipigwa kwa fremu 16 au zaidi kidogo kila sekunde. Sauti ilipoingia katika sinema mwishoni mwa miaka ya 1920, watengenezaji wakaafikiana juu ya fremu 24. Televisheni ya nchi kama yetu ilifuata fremu 25. Gemu za siku hizi hufika fremu 60, na nyingine hupita hapo.

Ili tuone faida ya fremu nyingi, tumtazame mkimbiaji wetu Filbert Bayi. Tarehe 2 Februari, 1974, mjini Christchurch katika nchi ya New Zealand, alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akavunja rekodi ya dunia. Ukigawanya mita 1,500 kwa sekunde 212.2 utapata kwamba alikwenda karibu mita 7.07 kila sekunde. Basi katika picha za fremu 25, kati ya fremu moja na ya pili yake Bayi alikuwa amekwisha sogea karibu sentimita 28. Kama angerekodiwa kwa fremu 50, angesogea sentimita 14 tu kati ya fremu na fremu. Sasa fikiri wakimbiaji wawili waufikie utepe pamoja, mmoja akimtangulia mwenziwe kwa sentimita 10. Mwenye fremu chache huenda akawa na fremu moja kabla ya utepe na nyingine baada ya utepe, na ile ya kuamua ugomvi asiwe nayo. Wala kuongeza vitone hakutamsaidia, kwa kuwa tukio lenyewe halimo ndani ya picha zake.

MZIGO WA VIDEO

Kama vitone vingi ni vizuri, na fremu nyingi ni nzuri, kwa nini mtu asichukue vyote? Jibu ni mzigo. Video ya 1080 yenye fremu 30 ina vitone 2,073,600 mara 30, yaani vitone 62,208,000 kila sekunde. Kila kitone kikiandikwa rangi yake kwa baiti 3, sekunde moja tu ingekuwa na zaidi ya megabaiti 186. Hakuna mtu hapa ambaye bando lake lingeweza kustahimili hayo hata dakika moja.

Kwa hiyo video hubanwa. Namna ya kubana hufanana na mwalimu wa hesabu anayeandika swali refu ubaoni. Akitaka kutoa swali la pili la namna ile ile, hafuti ubao wote. Hufuta tarakimu mbili tatu na kuandika nyingine, maneno yakabaki pale pale. Programu ya kubana nayo huiandika picha ya kwanza yote, kisha katika fremu zinazofuata huandika yale yaliyobadilika tu. Ndiyo maana video ya ukuta mweupe huwa nyepesi, na video ya shamba la alizeti linalotikiswa na upepo huwa nzito, maana kila jani limehama mahali pake. Ndiyo maana pia fremu 60 hazina mzigo mara mbili ya fremu 30: fremu zikikaribiana sana, mabadiliko kati yake huwa madogo.

Sasa tutazame tarakimu. YouTube, ambayo ilianza kuonyesha video za fremu 60 mwaka 2014, huwashauri wanaopakia video watumie viwango vifuatavyo. Kiwango ni megabiti kwa sekunde. Kwa kuwa baiti moja ni biti 8, nimezidisha kwa 60 na kugawanya kwa 8 ili kupata megabaiti za dakika moja:

720 kwa fremu 30: megabiti 5, dakika moja ni megabaiti 37.5.
720 kwa fremu 60: megabiti 7.5, dakika moja ni megabaiti 56.25.
1080 kwa fremu 30: megabiti 8, dakika moja ni megabaiti 60.
1080 kwa fremu 60: megabiti 12; dakika moja ni megabaiti 90.

Tazama sana mstari wa pili na wa tatu. Mizigo yake yakaribia kuwa sawa: 56.25 na 60. Hapo ndipo penye ubishi wetu wote. Kwa bei moja, mtu aweza kununua vitone vingi na fremu 30, au vitone vya kadiri na fremu 60. Na akitaka kuvipata vyote kwa mzigo wa megabiti 5 tu, programu itambania mno, na picha itakuwa na viraka viraka kila mpira unapokwenda mbio. Kwa hakika vitone vingi vilivyobanwa kupita kiasi huonekana vibaya kuliko vitone vichache vilivyopewa nafasi ya kutosha.

MFANO WA KWANZA: MPIRA WA GEMU

Kaka yangu ana kibanda cha gemu mjini Singida, yeye na mwenzake mmoja. Sisi wanafunzi haturuhusiwi kuwa na simu shuleni, lakini wakati wa likizo humsaidia kazi pale. Vijana hulipa kwa kila mechi ya mpira, na mechi zilizo kali hurekodiwa zikapakiwa kwenye intaneti, ili walioshindwa waone walivyoshindwa na walio mbali wavutiwe kuja. Kibanda hakina waya wa intaneti; hupakia kwa bando la simu.

Kaka alitaka 1080 kwa fremu 60. Mwenzake akachukua kalamu. Mechi moja na marudio yake ni dakika 10, basi ni megabaiti 900. Mechi 4 kwa siku ni megabaiti 3,600. Kwa siku 30 ni megabaiti 108,000, yaani zaidi ya gigabaiti 100. Na fedha hiyo ilikuwa itoke katika sanduku lile lile linalolipa LUKU na kodi ya chumba. Basi ikawa lazima wachague. Mwenzake akasema, tuchukue 1080 kwa fremu 30, majina ya wachezaji yasomeke. Kaka akasema, tuchukue 720 kwa fremu 60, mpira uonekane unakwenda kama mpira. Walibishana siku mbili, na wateja wakaingia katika ubishi ule, na kazi ikaanza kuzorota.

Mimi niliwaomba tufanye jaribio kama tufanyavyo maabara. Tulichukua bao moja lililofungwa, tukalirekodi marudio yake mara mbili, kila mara kwa namna moja, kisha tukawaonyesha wateja katika televisheni ya kibanda bila kuwaambia ipi ni ipi. Wengi wao waliitaka ile ya fremu 60. Sababu yaweza kuelezwa kwa hesabu. Pasi ndefu ikivuka kioo kwa nusu sekunde, katika fremu 30 mpira huonekana mahali 15 tu njiani, na jicho huuona ukiruka ruka. Katika fremu 60 huonekana mahali 30. Uwanja wenyewe nao husogea kila kamera ya gemu inapoufuata mpira, kwa hiyo fremu zikiwa chache kioo kizima hutetemeka.

Hapo kaka alianza kucheka kwamba ameshinda. Lakini tulipozipakia zote mbili kwa YouTube na kuzitazama katika simu ndogo kwa kiwango cha 360, hakuna mtu aliyeweza kuzitenga. Sababu ni kwamba YouTube huonyesha fremu 60 kuanzia kiwango cha 720 na kuendelea. Chini ya hapo mtazamaji hupewa fremu 30 au pungufu, hata kama mwenye video alipakia 60. Kwa mtazamaji wa 360, fremu za kaka zilipotea, na vitone vya mwenzake vilipotea vile vile.

Uamuzi waliofikia baadaye ulikuwa wa busara. Walichukua 720 kwa fremu 60, kwa kuwa gemu ya mpira ni mwendo, lakini waliacha kupakia mechi nzima. Walikata dakika 3 zenye mabao na nafasi nzuri. Dakika 3 mara 56.25 ni megabaiti 168.75, na mechi 4 ni megabaiti 675 kwa siku mahali pa 3,600. Tena matokeo waliyaandika kwa tarakimu kubwa juu ya kioo, ili hata mwenye simu ndogo ayasome. Basi twaona kwamba mkasi uliokoa fedha nyingi kuliko vitone na fremu zilizokuwa zikigombaniwa.

MFANO WA PILI: BAO

Mfano wa kaka usimfanye mtu aseme kwamba siku zote fremu ni bora. Tuchukue mchezo mwingine, wa bao. Ubao wa bao la Kiswahili una mashimo 32, safu nne zenye mashimo manane manane, na kete zake ni 64. Mtazamaji wa bao hatafuti mwendo wa mkono. Mkono ukizunguka upesi au polepole, yeye ataka kujua shimo gani lina kete ngapi, kwa maana asipojua hilo hawezi kuona kwa nini mchezaji amechagua njia ile akaiacha hii. Hapa fremu 25 zatosha kabisa, na nguvu zote ziwekwe katika vitone.

Tupige hesabu. Ubao ukijaza upana wote wa picha ya 720, mashimo manane ya safu moja yatagawana vitone 1,280, kila shimo 160. Kete moja ikichukua robo ya upana wa shimo, itapata vitone 40. Hiyo yahesabika bila taabu. Lakini watu wengi hupenda kurekodi wachezaji, na watazamaji waliosimama nyuma, na mti waliokaa chini yake, hata ubao ukabaki theluthi moja tu ya upana wa picha. Basi shimo hubaki na vitone 53 na kete hubaki na 13. Mtazamaji akishusha kiwango hadi 360, kete ina vitone 6 au 7, na kete nne zilizolaliana huonekana kama donge moja.

Hapo mwenye video hudhani kwamba dawa ni kupanda hadi 1080. Dawa hiyo ina gharama. Iko dawa isiyo na gharama: asogeze simu karibu na ubao, ailaze iangalie chini, ubao ujaze picha. Kwa kufanya hivyo amezidisha vitone vya kila kete mara tatu kwa upana bila kuongeza hata baiti moja. Hali kadhalika mchezo wa drafti, hata ukichezwa kwa vizibo vya soda. Na kwa kuwa ubao hauhami mahali pake, programu ya kubana hupata kazi nyepesi, na mzigo mdogo watosha kuleta picha safi.

Ziko pia gemu zinazochanganya mambo haya mawili. Katika gemu za mapigano kama Free Fire mna mwendo wa mbio, tena mna ramani ndogo pembeni na maandishi madogo. Herufi yenye urefu wa vitone 21 katika 1080 huwa na 14 katika 720, na 7 tu katika 360. Mwenye kufundisha wengine mbinu za ramani afuate vitone. Mwenye kuonyesha wepesi wa mkono wake afuate fremu.

MIFUKO MIWILI

Wengi husahau kwamba video ya intaneti hulipiwa mara mbili. Mfuko wa kwanza ni wa anayepakia. Mfuko wa pili ni wa kila anayetazama. Ukipakia video kubwa, YouTube yenyewe hutengeneza nakala ndogo ndogo, na mtazamaji huchukua inayomfaa. Kwa hiyo ukubwa wa video yako haumwumizi moja kwa moja mwenye bando dogo. Lakini mtu huyo huona nakala ndogo, na wewe uliyemtengenezea picha nzuri mfukoni mwako umepoteza fedha bila kumfikia.

Basi yafaa kumjua mtazamaji. Kama kaka yangu angekuwa na watazamaji wa 360 peke yao, ningemshauri apakie 720 kwa fremu 30, akaokoa theluthi moja ya mzigo, wala hakuna ambaye angeona tofauti. Wazazi wetu wengi hutazama kwa simu zenye vioo vidogo, tena kwa kiwango cha chini ili bando lisiishe. Mtu akiwatengenezea video ya michezo ya shule, wao hawaulizi habari za 1080. Wao huuliza, “Mwanangu yuko wapi?” Jibu la swali hilo ni kumsogelea mtoto na kamera, na kuitaja namba iliyo katika fulana yake.

CHOMBO NA TAA

Kabla ya kuchagua fremu 60 ni lazima kuuliza kama chombo chenyewe chaweza kuzitoa. Gemu ikiwa inakwenda kwa fremu 30 katika simu yako, kuirekodi kwa fremu 60 ni kuandika kila picha mara mbili. Umeongeza kazi, hukuongeza mwendo. Tena simu ikipata moto hupunguza nguvu zake, na gemu iliyoanza kwa 60 hushuka hadi 40, ikapanda, ikashuka tena. Jicho huchukia kigugumizi hicho kuliko linavyochukia fremu 30 zilizotulia.

Na anayerekodi kwa kamera ndani ya nyumba atazame taa zake. Umeme wetu wa Tanzania hubadilika mara 50 kila sekunde, na baadhi ya taa, hasa za mirija, hupepesa mara 100 kwa sekunde. Kamera ikipiga fremu 25, kila fremu hupata mipepeso 4 kamili. Ikipiga fremu 50 hupata 2 kamili. Lakini ikipiga fremu 30 hupata 3 na theluthi moja, hivyo fremu moja yaweza kupata mwanga zaidi ya nyingine, na picha huonekana inapepesa au ina mistari. Kwa hiyo bao linalochezwa bwenini au bwaloni usiku lirekodiwe kwa fremu 25 au 50, ikiwa simu yakubali. Mchana chini ya mti jambo hili halina neno.

Wala tusidhani kwamba wingi hupendeza kila mtu. Mwaka 2012 Peter Jackson, mtengenezaji wa filamu wa New Zealand, alitoa filamu ya The Hobbit kwa fremu 48 mahali pa 24. Watazamaji wengi walilalamika kwamba mwendo wake ulikuwa laini mno, hata ikaonekana kama kipindi cha televisheni. Mwendo ule ule ambao mchezaji wa gemu huusifu, mpenzi wa hadithi aliukataa.

NAMNA YA KUAMUA

Sasa naweza kulitaja swali ambalo pande mbili zile hazikuliuliza. Swali ni hili: mtazamaji wangu anatafuta nini katika mchezo huu? Kama atafuta kuona kitu kilivyokwenda, mpira, mkimbiaji, gari la mashindano, mpe fremu. Kama atafuta kuona kitu kilivyokaa, kete, maandishi, ramani, mpe vitone. Baada ya hapo uliza maswali manne kwa utaratibu huu.

Kwanza, je, naweza kusogea karibu au kukata yasiyohitajika? Fanya hayo kabla ya kugusa vitone na fremu, kwa maana hayagharimu kitu.

Pili, mtazamaji atatazama kwa kiwango gani? Kama ni chini ya 720, fremu 60 hazitamfika.

Tatu, chombo changu chaweza kutoa fremu hizo bila kigugumizi, na taa zangu zapatana nazo?

Nne, bando langu ni kiasi gani? Zidisha dakika zako kwa megabaiti za kila dakika nilizoandika juu, nawe utajua kabla ya kununua.

Mtu asiyejua bado ajibu nini, na arekodi sekunde kumi kwa kila namna, amwonyeshe mwenzake asiyejua ipi ni ipi, kisha amwulize alichokiona. Asimwulize ipi ni nzuri. Katika bao amwulize shimo lile lilikuwa na kete ngapi. Katika mpira amwulize mpira ulimgusa nani mwisho. Jibu la namna hiyo halina ushabiki.

Wazee husema mshika mbili moja humponyoka. Katika video za michezo, mwenye bando kubwa na mashine yenye nguvu aweza kuzishika zote mbili, nasi hatumwonei kijicho. Lakini wengi wetu tuna mkono mmoja ulio huru, na yatupasa kuamua kwa hesabu mkono huo ushike nini. Hesabu hizi ni za kuzidisha na kugawanya tu. Hata mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza aziweza, na akizifanya ataokoa fedha ya nyumbani kwao.

MAZOEZI KWA WASOMAJI

1. Mwalimu wa michezo ana megabaiti 500. Ataka kupakia video ya 720 kwa fremu 60. Video yake isizidi dakika ngapi? Na kama atatumia fremu 30?

2. Mkimbiaji aenda mita 8 kila sekunde. Kati ya fremu moja na ya pili yake husogea sentimita ngapi katika fremu 25? Na katika fremu 50?

3. Rafiki yako ataka kurekodi mashindano ya drafti bwaloni usiku, ndugu zake wayatazame kwa simu ndogo. Mshauri juu ya vitone, fremu, taa na mahali pa kuweka simu, ukitoa sababu.

Majibu yapelekwe kwa mhariri kabla ya kufunga shule.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne